Wanawake Waliokwenda Kinyumenyume

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, haki ya Mungu. Najua wanaonifahamu wataguna. Wagune. Ile ya jogoo aliyepanda treni peke yake akashuka kituo alichokitaka, sawa, ile niliichovya kidogo kwenye mchuzi. Hii sikuichovya. Nimeipata kwa bibi yangu mzaa mama, naye aliipata kwa bibi yake, na huyo bibi yake hakusimuliwa na mtu. Alikuwemo.

Jumamosi iliyopita niliisimulia barazani, kwa kiapo hiki hiki, kwa shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka. Yeye alikuwa anashona mapazia ya mtu, na jirani yake kinyozi alikuwa amekaa kwenye ngazi anatafuna karanga zisizo zake. Naiandika kama nilivyoisimulia, pamoja na maneno yao, maana hawa wawili hawajui kusikia hadithi bila kutia mkono.

Palikuwa na mji wenye ukuta, lango moja na hakimu mmoja. Nje ya lango barabara ilishuka hadi mtoni, na mtoni palikuwa na daraja la mbao. Daraja hilo ndilo lililokuwa mpaka. Ukishalivuka, amri ya hakimu haikufuati, hata ungekuwa umeiba ndevu zake.

Katika mji huo wanawake watatu walisokota kamba. Mkubwa wao alikuwa mjane aliyekula chumvi nyingi, mwembamba, mwenye vidole vigumu kama misumari. Wa pili alikuwa binti yake. Wa tatu alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa kiume aliyekwisha kufa. Karakana yao haikuwa nyumba, ilikuwa uchochoro mrefu ulionyooka kati ya ghala na ukuta wa muuza mafuta ya taa. Mwanzo wa uchochoro palikuwa na gurudumu la mbao lenye mkono wa kuzungushia na kulabu tatu za chuma. Mwisho wake palikuwa na geti la kutokea barabarani.

Kazi yenyewe ni hivi. Msokotaji anajifunga fungu la katani kiunoni, anachomoa nyuzi chache, anazitia kwenye kulabu. Mtu wa gurudumu anazungusha. Basi msokotaji anarudi nyuma, hatua kwa hatua, vidole vinalisha katani, na uzi unarefuka mbele ya tumbo lake. Hawezi kwenda mbele. Akienda mbele uzi unalegea na kujikunja kama mtoto aliyenyimwa. Kwa hiyo kutwa nzima wawili walikuwa wanarudi nyuma na mmoja anazungusha, wakibadilishana.

Mtu akifanya kazi miaka arobaini, kazi nayo inamfanya yeye. Yule mama alifika mahali akawa anakwenda kila mahali kinyumenyume. Akitoka dukani, anarudi nyuma. Akitoka msibani, anarudi nyuma huku anawaaga waliofiwa, na wao wanamsindikiza kwa macho wasije wakafiwa mara ya pili. Watu wakampa jina, Bi Kinyume. Walisema ukimwona uso, ujue anaondoka. Ukiona mgongo, weka maji jikoni, mgeni huyo.

"Hakujikwaa?" aliuliza kinyozi.

"Hajawahi. Alikuwa na macho ya kisigino."

"Endelea," alisema shemeji, sindano mdomoni. "Macho ya kisigino tumeyaandika."

Sasa, dirisha la muuza mafuta lilitazama uchochoro. Mke wake alipokuwa mjamzito, miguu ilimvimba, akawa anakaa pale dirishani kutwa akiwatazama wasokotaji. Wakawa marafiki wa dirishani. Huyu anarusha neno, wale wanalijibu wakipita. Siku ya kujifungua ilipofika mtoto akatanguliza miguu. Mama alitaabika usiku na mchana, damu ikamwagika nyingi, lakini wote wawili wakatoka wazima. Mkunga alisema watoto wengine huja hivyo, na akaomba chai.

Muuza mafuta hakuridhika. Alikuwa mtu wa kufikiri sana jambo moja. Alisimama sokoni akauliza, "Mke wangu ametazama nini miezi yote hii? Wanawake wanaorudi nyuma. Na mtoto amekujaje? Ametangulia nyuma."

"Hapo ana hoja," alisema kinyozi.

"Hoja ipi?" alisema shemeji. "Na wewe mama yako alikuwa anatazama nini mpaka ukatoka hivyo?"

Kinyozi akarudi kwenye karanga.

Neno likishatoka sokoni halina bwana. Mwenye nafaka ambayo bei yake ilirudi chini akakumbuka kwamba aliwahi kununua kamba uchochoroni. Mwenye binti aliyeachika akarudi nyumbani na mabegi akasema, kumbe. Mzee mmoja ambaye uziwi wake ulikuwa umepona, kisha ukarudi, naye akaja kutoa ushahidi, na ikabidi aulizwe kila kitu mara mbili. Kila kilichorudi nyuma mjini, aliyekirudisha ni Bi Kinyume.

Halafu wakafanya jambo ambalo hata mbuzi walilishangaa. Walichoma kamba. Kama wasokotaji ni wachawi, walisema, basi uchawi umo kwenye kamba, na kamba imo nyumbani mwetu, tumeilalia. Wakatoa kamba za vitanda, za visima, za kuanikia nguo, za kufungia mizigo, za mifugo, wakazirundika uwanjani wakazitia moto.

Mji ukawa hauna kifundo. Kuanzia siku hiyo hakuna kilichotulia. Ndoo zilitumbukia visimani na hazikuwa na wa kuzifuata. Nguo zilianikwa juu ya vichaka na upepo ukazigawa upya, mtu anakutana na suruali yake kwenye miguu ya jirani. Punda walitembea mji mzima kama wakaguzi. Wanaume walikuwa wakikimbiza mbuzi kuanzia alfajiri, wanarudi jioni na mbuzi wa mtu mwingine. Wakilala, wanalala sakafuni, maana kitanda kisicho na kamba ni dirisha. Hakuna aliyepata usingizi. Watu wakawa wanazunguka vyumbani, wanafungua mlango, wanaufunga, hawajui wanatafuta nini. Na kadiri walivyokosa usingizi ndivyo walivyozidi kuwaogopa wale watatu.

Hakimu alikuwa mtu wa haki, ila mgongo ulimuuma. Mke wake naye alikuwa amechoma kamba za kitanda. Aliwaita wanawake mahakamani, akawasikiliza wote, akamuuliza Bi Kinyume, "Mama, unajua uchawi?"

"Baba, ningeujua ningezunguka na jua lote hili kiunoni nina katani?"

"Kwa nini unarudi nyuma?"

"Kwa sababu kamba inakwenda mbele."

Hakimu akakuna kichwa. Akamtazama mkunga, akamtazama muuza mafuta, akatazama dirisha ambalo punda alikuwa ameingiza kichwa. Kisha akasema, "Sioni kosa hapa. Nendeni zenu."

Shemeji aliitoa sindano mdomoni. "Aliwaachia?"

"Aliwaachia. Kesi iliisha."

"Hadithi fupi hiyo."

"Ngoja. Mama akainama, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Aliondokaje?"

Kinyozi akasema polepole, "Ah, mama wee."

Kinyumenyume, mbele ya mji mzima. Na binti yake nyuma yake, kinyumenyume. Na mkwewe. Wote watatu, nyuso kwa hakimu, hatua sawasawa, kama walivyofanya maisha yao yote bila kufikiri. Mtu akapiga yowe. Mwanamke mmoja akaanguka. Punda akalia dirishani. Hakimu alishtuka akajiegemeza, na kiti chake, ambacho kilikuwa kimefungwa kwa kamba na kamba imechomwa na sasa kinashikiliwa na imani tu, kikafunguka chini yake. Akakaa sakafuni kwa kishindo.

Alipoinuka alikuwa hakimu mwingine. Mgongo ule ule uliokuwa unauma sasa ulikuwa umevunjwa heshima. Akasema, "Rudini hapa." Akawahukumu kunyongwa, wote watatu, kesho yake jioni.

Askari wakatumwa kutafuta kamba. Wakazunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, wakarudi mikono mitupu. Mkubwa wao, jitu moja pana lililoitwa Kifua, akasema, "Mheshimiwa, kamba hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Tulizichoma."

"Anayeuza ni nani?"

Kifua akaonyesha kwa kidevu. Ni wale watatu waliokuwa wamesimama pale mbele, wakisubiri kunyongwa.

Kinyozi alicheka mpaka karanga zikampalia, shemeji akampiga mgongoni bila kuacha kushona. Mimi nikasubiri. Msimulizi mzuri hamkimbizi mtu anayekohoa.

Hakimu hakucheka. Alisema kamba ya mchawi ndiyo itakayomfaa mchawi. Akaamuru wapelekwe uchochoroni asubuhi na Kifua akiwalinda, wasokote kamba yao wenyewe, nzuri, ya nyuzi tatu, na jioni iwe tayari.

Asubuhi binti yake Bi Kinyume alikuwa hawezi kusimama mahali pamoja. Alizunguka gurudumu, akarudi, akazunguka tena.

"Mama," alinong'ona, "tusokote mbovu. Ikikatika shingoni watasema Mungu amekataa."

"Watasema imekatika," alisema Bi Kinyume. "Watatunyonga mara ya pili kwa mnyororo wa lango. Unataka kufa mara mbili, na mara zote mbili wakuseme?"

"Basi tufanyeje?"

"Wifi, muache mama afikiri," alisema yule mkwe.

"Na wewe usiniambie nimuache mama yangu."

"Nyamazeni wote," alisema Bi Kinyume. Vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la kanga yake, vinalifumua, vinalisokota. Aliutazama uchochoro mpaka kwenye geti. Kisha akamtazama Kifua, kifua chenyewe na mikono yake. "Baba askari, siku zote sisi ni watatu, na mmoja huzungusha. Leo kamba yenyewe ni ya watu watatu na jioni haiko mbali. Tungesokota sote ingekwisha mapema. Lakini gurudumu hili linataka mwanaume."

Ukimwambia jitu kwamba kuna kitu kinataka mwanaume, umekwisha kulifunga bila kamba. Kifua akakunja mikono ya shati.

"Sikiliza basi," alisema Bi Kinyume. "Usisimame. Ukisimama nyuzi zote zinafumuka, na hakimu atauliza ni nani aliyeharibu kamba ya mahakama. Uchochoro huu ni mfupi kwa kamba ndefu hivyo, utatufungulia geti."

"Mkikimbia?"

"Umewahi kuona mtu akikimbia kinyumenyume?"

Kifua akafungua geti, akarudi kwenye gurudumu, akaanza kuzungusha.

Walifunga katani viunoni, wakatia nyuzi kwenye kulabu tatu, wakaanza kurudi. Walipita dirisha la muuza mafuta. Walipita geti. Wakatokea barabarani. Kifua aliwaona mwisho wa uchochoro, nyuso kwake, wakizidi kuwa wadogo, na mkononi mwake alisikia nyuzi zikivuta vizuri, kwa uhai, akajua kazi inaendelea.

Barabarani watu walifunga milango. Wanaume hawakuwepo, walikuwa bondeni na mbuzi. Wale watatu walirudi nyuma mbele ya duka la sabuni, mbele ya mhunzi, mbele ya nyumba zenye mapazia yanayotikisika kidogo pembeni. Hakuna aliyewasemesha. Na hapo yule mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Mama, katani inakwisha."

Na kweli ilikuwa inakwisha. Fungu la kiunoni ni la uchochoro mmoja, si la mji. Bi Kinyume alipapasa kiuno chake, akapata konzi mbili za katani, basi. Ikiisha, uzi unakatika, gurudumu linakuwa jepesi, na Kifua anajua.

"Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea," alisema shemeji.

"Ulikuwa unaningojea nini?"

"Nilitaka kuona utaitoa wapi katani. Endelea."

Mlango mmoja ukafunguka. Alitoka mke wa muuza mafuta, bado hajapata nguvu, anashika ukuta, mtoto mgongoni. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni na kwapani godoro la kitanda chake. Kamba walikuwa wamechoma, lakini godoro hakuna aliyelifikiria, na magodoro ya mji ule yalijazwa katani mbichi. Alilipasua pale pale barabarani, akachomoa konzi kubwa, akamfuata Bi Kinyume akamchomeka kiunoni.

Hawakuacha kutembea, mmoja anarudi nyuma na mwingine anamfuata mbele.

"Mtoto hajambo?" aliuliza Bi Kinyume.

"Hajambo. Anarusha miguu."

"Muache airushe. Wewe unatakiwa ulale."

"Nitalalia nini sasa," alisema mke wa muuza mafuta, na wote wanne wakacheka, kicheko kidogo cha puani.

Mlango wa pili ukafunguka. Akatoka yule aliyeanguka mahakamani, na godoro lake. Kisha mama wa binti aliyeachika, na huyo binti mwenyewe. Hakuna aliyeomba radhi. Walichomeka katani viunoni wakasogea pembeni. Uzi ulipokuwa mrefu hata ukataka kulala chini, wakasimama kila mlango na mwiko au fimbo ya ufagio na kuunyanyua, ukapita juu yake unazunguka, nyumba kwa nyumba, unaimba kidogo.

Langoni mlinzi aliwaona wamekuja. Aliona nyuso zao zinatazama mjini, akafikiri wanaingia. Akasema, "Karibuni." Wakasema, "Ahsante," wakatoka.

Basi wakashuka barabara ya mtoni, nyuzi zinateremka nao. Wakafika darajani. Bi Kinyume akazichukua nyuzi tatu, akazifunga kwenye nguzo ya daraja kifundo kimoja cha nguvu, wakavuka wote watatu, wakaenda zao wakaishi. Na Kifua akazungusha. Akazungusha mpaka jioni, mpaka mkono wake wa kulia ukawa mnene mara mbili ya wa kushoto, na wanasema ukoo wake hadi leo wanazaliwa na mkono mmoja mnene.

Kinyozi alipiga makofi. "Huo ndio mwisho," alisema. "Mkono mnene. Nimeupenda."

Shemeji hakupiga makofi. Alikata uzi wa pazia kwa meno, akaushika ncha moja. Akaifunga kwenye mkono wa kiti changu.

"Shika hapa," aliniambia, akanipa ncha ya pili. "Usivute wala usilegeze. Sokota."

"Shemeji, hadithi imekwisha."

"Sokota tu."

Nikasokota kwa vidole viwili. Uzi ukakaza. Nikaendelea, ukakaza zaidi, ukawa unataka kunitoka. Nikasokota kidogo tena, ukaruka, ukajikunja juu yake wenyewe kama mnyoo uliotiwa chumvi, mafundo mafundo. Nikaendelea, ukakatika.

"Umezungusha muda gani?" aliuliza.

"Kidogo."

"Na Kifua alizungusha mpaka jioni, nyuzi zimefungwa kwenye nguzo." Aliokota kipande cha uzi akakiweka mapajani. "Uzi ukisokotwa unafupika. Kama hakuna mtu wa kuupa nafasi kule mwisho, utajikunja na kukatika, na jitu lako litajua kabla hawajafika mbali. Hawakufunga kwenye nguzo."

"Labda walifunga kilegevu."

"Labda wewe ndiye umefunga kilegevu." Alinitazama. Shemeji ana jicho moja ambalo kaka alikuwa akiliogopa, Mungu amrehemu. "Mtu mmoja alibaki ameshika. Nani alibaki?"

Kinyozi aliacha kutafuna. Mimi nikatazama barabarani, nikasema kuna jua kali leo.

"Umeapa mbele yetu," alisema shemeji. "Nimekukamata, sasa lipa. Nani alibaki?"

Nililipa. Na malipo yenyewe ni haya, ambayo bibi yangu alinisimulia mara moja tu, na mimi nimekuwa nikiyaruka kila nikiisimulia.

Walipofika darajani Bi Kinyume alisema, "Nipeni nyuzi zenu." Binti yake akasema, "Mama, tufunge kwenye nguzo tuvuke." Akajibu, "Nguzo haina vidole." Akazishika zote tatu ngumini, akawa anazipa kidogo na kuzinyima kidogo, kama alivyofanya maisha yake yote, ili kule uchochoroni yule mtu aendelee kusikia uhai mkononi mwake.

Binti alikataa kwenda. Alishika kanga ya mama yake, akasema kama ni kufa wafe wote. Bi Kinyume hakugeuka, hangeweza kugeuka, nyuzi zingelegea. Alimwambia mkwewe, "Mchukue wifi yako. Mbebe ikibidi." Na akawaambia waende wakitazama mbele. Wasijaribu kumtazama.

Yule mkwe ndiye bibi wa bibi yangu. Alimvuta wifi yake kwa nguvu juu ya zile mbao, akimtukana njia nzima ili asilie. Walikuwa hawajui kwenda mbele. Walijikwaa. Miguu yao ilikuwa inaitafuta njia kwa visigino. Walipofika juu ya kilima upande wa pili, mkwe alikaidi, akageuka. Alimwona mama mkwe wake amesimama palepale, amewapa mgongo, mikono imekunjwa kifuani, inacheza kidogo kidogo.

Jua liliposhuka kwenye mapaa, Kifua alichoka. Akasimama. Akaushika uzi kwa mkono akaufuata, nje ya geti, barabarani, kati ya wale wanawake waliosimama na miiko na fimbo zao, langoni, akateremka. Akamkuta. Hakuwa amekimbia, ijapokuwa daraja lilikuwa hatua chache nyuma yake na gurudumu lilikuwa limesimama. Alikuwa amezikusanya nyuzi zote tatu na anazisokota pamoja, na alimwomba Kifua angoje amalizie kufunga ncha, zisifumuke.

Kifua alingoja. Halafu akamrudisha, na hakimu sasa alikuwa na kamba.

"Mlijuaje?" aliuliza kinyozi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Waliovuka hawakuona hayo ya mwisho."

"Mke wa muuza mafuta alivuka baadaye, na mtoto wake. Hakurudi kwa mumewe. Yeye ndiye aliyewaambia. Alikuwepo uwanjani, wanawake wote walikuwepo. Walikwenda na..."

"Shemeji," alisema shemeji.

Nilikuwa nataka kusema kwamba walikwenda na visu vya jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuona jinsi wangeikata ile kamba, na Kifua angetazama pembeni, na punda angeingia katikati. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Usiongeze," alisema.

Akavuta pazia mapajani, akatunga uzi mpya kwenye sindano, akakosa tundu mara mbili. Kinyozi akainuka akasema ana mtu wa kunyoa, akakaa tena.

Sikuongeza.